Adapta ya waifai ya USB inakatika kila baada ya dakika chache
Mkuu, kama simu inashika vizuri ukiwa hapohapo mezani, ruta usiiguse, tatizo haliko huko. Umesema adapta umeichomeka nyuma ya kompyuta, tundu la bluu. Bati la keisi linaziba mawimbi, na tundu hilo la USB 3.0 likifanya kazi hutoa kelele za mawimbi (si za kusikika) kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz yanayotumiwa na waifai. Nunua waya wa kurefusha USB wa mita 1, Kariakoo umejaa tele, uchomeke tundu jeusi la 2.0, adapta ikae juu ya meza.

Bado inakatika? Fungua Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta kwenye Windows), bofya mara mbili jina la adapta, kisha kwenye Power Management ondoa tiki ya kuruhusu kompyuta kuizima. Windows huizima kubana umeme.