Simu za ofisini kupitia intaneti: maswali yenu na majibu

Maswali mengi ya wiki hizi yametoka kwa wenye maduka, ofisi na nyumba za wageni waliochoka kuwapa wateja namba tano tofauti. Wanataka namba moja, ipokelewe na watu kadhaa, ipitie intaneti. Yanayojibika haraka nimeyajibu haraka. Yale yanayowala watu fedha nimekaa nayo zaidi.

Nina duka la vipuri vya magari Kariakoo, wahudumu wanne. Wateja wa mikoani hutupigia na kututumia picha kwa WhatsApp. Kijana mmoja ananishauri nifunge simu za intaneti. Kwani WhatsApp haitoshi?

Kwa picha inatosha, na usiiache. Mteja wa Tunduma akikutumia picha ya beringi iliyochakaa, namba yake ikionekana pembeni, mmemaliza maelezo ya dakika kumi.

Ila nikuulize: hizo namba wanazopiga ni za nani? Kama kila mhudumu anatumia laini aliyoisajili kwa alama zake za vidole na kitambulisho chake cha NIDA, siku akiacha kazi anaondoka na wateja wako. Wala si lazima awe na nia mbaya. Namba ni yake, na mteja ataendelea kuipiga ileile. Anza hapo. Sajili laini kwa jina la biashara, weka WhatsApp Business juu yake (ni bure), kisha unganisha vifaa vingine. Akaunti moja hukubali hadi vinne zaidi ya simu yenyewe. Wahudumu wote watajibu ujumbe kupitia namba ya duka.

Simu za intaneti zinaleta faida upande wa kupiga na kupokea. Mteja anapiga namba moja, simu zote zinaita, anayewahi anapokea. Akihitaji stoo, anahamishiwa bila kukata. Zisizopokelewa zinabaki kwenye orodha, unazirudia jioni. Lakini kwa watu wanne wanaosimama kaunta moja, sioni haja ya kutumia fedha hizo sasa. Ukifungua duka la pili, au stoo ikihamia Temeke, nitakushauri ufunge. Siku hiyo, kabla ya kusaini, muulize mtoa huduma: nikihama kwako, naondoka na namba yangu? Namba za simu za mkononi zinahamishika Tanzania tangu 2017. Ya kampuni ya simu za intaneti usidhani tu kwamba nayo inahamishika. Taka jibu la maandishi.

Kampuni yetu ya utalii iko Arusha. Tuna faiba ya Mbps 20 na simu sita za intaneti. Asubuhi sauti ni safi, lakini kuanzia saa nane mchana wageni wa Ulaya wanasema tunakatikakatika. Tuongeze kasi iwe 50?

Msilipie chochote bado. Pigeni hesabu kwanza. Simu moja inayotumia kodeki (kanuni ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, ambayo ndiyo ya kawaida, hubeba kilobiti 64 za sauti kwa sekunde. Ukijumlisha anwani zinazobandikwa kwenye kila pakiti, inafika takribani 87 kila upande. Simu zenu sita zikitumika zote kwa mpigo hazifiki hata Mbps 0.6 (Mbps moja ni kilobiti 1,000 kwa sekunde). Mna 20. Kasi si tatizo lenu.

Sauti inahitaji kufika kwa wakati. Kwa kawaida kila sekunde ya maongezi hukatwa vipande 50, kila kimoja kikibeba milisekunde 20 za sauti. Pakiti ya barua pepe ikichelewa nusu sekunde hakuna anayejua. Ya sauti ikichelewa hivyo inatupwa, maana neno lake limeshapita. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linapendekeza safari ya upande mmoja isizidi milisekunde 150. Ukizidi sana hapo watu wanaanza kuingiliana, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza. Pakiti zikipotea zaidi ya asilimia 1 hivi, sikio linaanza kugundua.

Sasa chunguzeni saa nane pale ofisini kunafanyika nini. Nashuku kuna mtu anapandisha video za safari, au simu za wafanyakazi zinajihifadhia picha mtandaoni zenyewe kupitia Wi-Fi. Foleni inajengeka kwenye ruta, na pakiti ndogo ya sauti inakwama kama bodaboda nyuma ya malori kwenye mizani.

Jaribio lenyewe halina gharama. Saa nane ikifika, chukueni kompyuta iliyounganishwa kwa waya, mfanye ping (amri inayopima muda wa pakiti kwenda na kurudi) kwenda seva ya mtoa huduma wenu wa simu, muiache iendelee. Mkiona milisekunde zinaruka kutoka 40 hadi 300, zimeni upandishaji wote na mtazame tena. Zikishuka papo hapo, mmempata mchawi. Dawa ni ruta inayoweza kuipa sauti kipaumbele, na kuwekea upandishaji wa mafaili kikomo kilicho chini kidogo ya uwezo halisi wa laini, ili foleni isijengeke kabisa. Simu za mezani ziwe kwenye waya, si Wi-Fi.

Na mwulizeni mtoa huduma seva yake iko wapi. Kama iko Marekani, sauti ya kutoka Arusha kwenda Moshi inaweza kuvuka bahari, ifike kule, irudi. Kwa ofisi yenye wageni wa Ulaya, seva ya Ulaya si mbaya. Kwa ofisi inayoongea na madereva na hoteli za hapahapa, tafuteni ya Nairobi, Dar es Salaam au Johannesburg.

Sisi ni mawakala wa forodha, Mombasa. Simu ikipokelewa hukatika yenyewe baada ya nusu dakika. Mara nyingine mteja anatusikia, sisi hatumsikii. Fundi ameshatubadilishia simu mara mbili.

Simu zenu hazina kosa lolote, na fundi asilipwe kwa ya tatu. Shikeni saa mpime. Kama zinakatika karibu sekunde ya 32 kila mara, ugonjwa unajulikana.

SIP, itifaki inayoanzisha na kumaliza simu hizi, ina utaratibu wa salamu. Simu ikipokelewa, upande uliopokea unatuma taarifa ya kukubali, kisha unasubiri upande wa pili uthibitishe kwamba umeipata. Usipoona uthibitisho unarudia, unarudia, na muda ukiisha unahesabu kwamba mwenzake hayupo, unakata. Muda huo kwa kawaida ni sekunde 32. Kwa hiyo mnaongea vizuri kabisa huku mitambo ikitafutana, mpaka subira yake inaisha.

Uthibitisho unapotea wapi? Mara nyingi ni kwenye ruta. Ruta nyingi zina kipengele kiitwacho SIP ALG, ambacho huja kimewashwa tangu dukani. Kiliwekwa kusaidia, lakini huandika upya anwani zilizo ndani ya ujumbe na mara nyingi huziharibu. Kizimeni, kisha zimeni na kuwasha ruta pamoja na simu. Kusikika upande mmoja ni ndugu wa tatizo hilohilo: sauti husafiri kwa njia yake, mbali na ujumbe wa SIP, na kama imepewa anwani ya ndani ya ofisi, zile zinazoanza na 192.168, huko nje haina pa kufikia. Mkizima na hali ikabaki vilevile, hamishieni hoja kwa mtoa huduma. Kuna mipangilio ya NAT, yaani ya kubadilisha anwani za ndani ya ofisi kuwa za nje, upande wake.

Tuna nyumba ya wageni Nungwi, Zanzibar. Umeme ukikatika, au mtandao, itakuwaje?

Ile simu ya zamani ya waya wa shaba ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu, ndiyo maana iliita hata gizani. Hii ya intaneti inazima pamoja na taa. Wekeni UPS au betri na inveta kwenye kisanduku cha faiba, ruta na swichi (kifaa kinachogawa nyaya za mtandao). Mkinunua swichi ya PoE, umeme wa simu unapita kwenye waya uleule wa mtandao, hivyo UPS moja inazibeba simu zote bila adapta kila chumba.

Mtandao nao uwe na njia ya akiba, mfano ruta ya 4G yenye laini ya kampuni tofauti na ya faiba. Lakini msijidanganye kwamba hiyo inamaliza kila kitu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwingineko. Siku kama ile kubadili laini husaidia kidogo, maana kampuni nyingi hupita baharini kwa nyaya zilezile. Kwa hiyo ombeni jambo moja zaidi: mtambo wa mtoa huduma ukikosa kuziona simu zenu, simu inayoingia iende moja kwa moja kwenye simu ya mkononi ya mapokezi. Kama mtoa huduma na namba yenu viko humuhumu nchini, simu ya mgeni aliyeko Dar es Salaam haihitaji kupita baharini.

Na hili nalisema kwa uzito wote: simu ya mkononi yenye chaji na salio isiondoke mapokezi. Mgeni akizidiwa usiku, piga 112 kwa hiyo.

Mawakala wetu wa Deira, Dubai, simu za WhatsApp haziwafikii. Simu za intaneti zitatatua?

Zinaweza. Falme za Kiarabu zinaruhusu kupiga simu za intaneti kwa programu zilizoidhinishwa tu, na simu za WhatsApp hazimo, ingawa ujumbe na sauti zilizorekodiwa hupita. BOTIM imeidhinishwa. Kwa simu zenu za ofisi, pigeni namba yao ya kawaida ya mkononi: itaingia kwao kama simu yoyote ya kimataifa, nanyi mtalipa kwa dakika. Ulizeni bei kabla. Msiwapelekee kifaa chenu wakakichomeke Deira kiwe ekstensheni, yaani namba ya ndani, ya ofisi ya huku.

Niko Nairobi. Jumatatu tulikuta bili kubwa ya simu zilizopigwa Jumamosi usiku kwenda nchi ambazo hatuna mteja hata mmoja. Aliyetufungia mtambo anasema ni kosa letu.

Poleni. Inaniuma kila nikisoma barua ya namna hii, kwa sababu ni wizi unaozuilika kwa saa moja ya kazi.

Unafanyika hivi. Programu za wezi huzunguka intaneti usiku na mchana zikigonga mlango namba 5060, unaotumiwa na SIP. Zikipata PABX (mtambo unaogawa simu za ofisi) inayojibu, zinajaribu ekstensheni 100, 101, 102, kwa nywila za 100, 1234 na mfano wake. Ikifunguka, wanangoja ofisi ifungwe ndipo wapige namba za kulipia za ng'ambo, ambazo mwenye namba hupata mgawo wa kila dakika. Wikendi ndefu ya sikukuu ndiyo wanayoipenda.

Leo hii: mwambieni mtoa huduma afunge simu zote za kimataifa, badilisheni nywila zote, hifadhini orodha ya simu hizo kama ushahidi, na mlalamike kwa maandishi. Halafu fungueni tu nchi mnazopigia kweli, mfano Uganda, Tanzania na China. Tumieni huduma ya kulipia kabla, au yenye ukomo wa siku, ili mwizi akiingia akute salio dogo. PABX isionekane kwenye intaneti wazi. Iruhusu anwani ya mtoa huduma pekee, na wafanyakazi walio nje ya ofisi waingie kwa VPN, yaani njia ya faragha iliyofungwa ndani ya intaneti. Kama PABX yenu inatumia programu ya Asterisk, fundi aweke fail2ban, inayomfungia nje anayekosea nywila mara kwa mara.

Kuhusu nani alipe, someni mkataba, kisha muulizeni mfungaji swali moja kwa maandishi: nywila za ekstensheni siku anakabidhi mtambo zilikuwa zipi? Kama zilikuwa namba za ekstensheni zenyewe, hana haki ya kuwatwisha ninyi mzigo wote.

Nimepewa ofa Dodoma: kifaa cha laini 32, nikae nacho nyumbani, kipokee simu kutoka nje na kuzitoa kama za ndani. Nitalipwa kila mwezi.

Kataa leo. Hiyo ni simboksi. Inakwepa malipo ya simu za kimataifa, na watu wameshakamatwa na kufikishwa mahakamani kwa kazi hiyo Tanzania na Kenya. Mlangoni watakaokukuta ni wewe, si aliyekupa ofa. Anayetaka kukuuzia dakika za bei ya ajabu naye mwombe leseni yake ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kabla ya kuzungumza lolote.

Ofisi yetu Mwanza ina watu wanane. Tununue Yealink, Grandstream au Fanvil? Na tunaruhusiwa kurekodi simu za wateja?

Zote tatu zinatumia SIP na zote zinafaa. Ogopeni tu simu iliyofungwa kwa mtoa huduma mmoja, maana mkihama inabaki pambo. Wala msinunue nane. Nunueni mbili, ya mapokezi na ya mhasibu, wanaoshinda mezani. Wengine sita watumie programu kwenye kompyuta na hedseti nzuri. Kama mna simu ya zamani bado nzima, kuna kiunganishi kidogo kiitwacho ATA kinachoiingiza kwenye mfumo mpya.

Kurekodi ni kukusanya taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu. Mpigaji aambiwe mwanzoni kabisa kwamba anarekodiwa na kwa sababu gani. Andikeni nani anaruhusiwa kusikiliza na baada ya muda gani sauti zinafutwa. Kama hamna sababu ya kueleweka ya kurekodi, msirekodi.

Kaeni na simu hizo mbili mwezi mzima. Mtajua wenyewe ni nani kati ya wale sita anayehitaji ya mezani.