Usimkurupushe Ndege Wakati Skua Anakutazama

Wadogo zangu mnaokwenda kwenye utafiti wa ndege Taimyr, rasi ya kaskazini kabisa mwa Urusi, kiangazi hiki, nawapenda, ndiyo maana nawasema. Makosa ni yaleyale kila msimu, na wanaoumia ni ndege.

1. Mitego ya kunasa lemingi, wale wanyama wadogo kama panya wa nchi za baridi, wakiwa hai ikaguliwe mara kwa mara, tena iwe na nyasi kavu na chakula. Kule kiangazi jua halizami, lakini hilo halimaanishi hakuna baridi. Lemingi aliyelowa ndani ya boksi la bati hadumu.

2. Skua, yule ndege mwizi wa mayai na vifaranga. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Msimu uliopita kijana mmoja, mchapakazi kwelikweli, alimkurupusha kitwitwi jike, yule mwenye mdomo uliopinda na kifua cha rangi ya kutu. Kijana akakimbilia kiota. Mayai 4, ncha zote zimeelekea katikati. Akapiga magoti, akapima urefu, akatia yai la kwanza majini kuona linaeleaje, ili akadirie limeatamiwa siku ngapi, kisha la pili. Skua alikuwa ametua kwenye kituta jirani, shingo ameinyoosha, macho kwa kijana. Nilimwita, upepo ukala sauti. Kijana aliposogea tu, skua akashuka kabla mama hajarudi. Tulichokuta ni kishimo kitupu na ute ulioganda kwenye majani. Dume wa kitwitwi wa aina hiyo haleli. Huondoka mapema, jike hubaki na kazi yote. Na kiangazi cha kule ni kifupi mno, kutaga upya ni bahati. Kijana alilia, nami sikuwa na la kumfariji.

Basi kagua vituta na anga kwanza. Ukimwona skua, pita kama huna habari, weka alama kwenye GPS, urudi baadaye. Vijiti vya alama kando ya kiota, hapana!

3. Lemingi hujaa na kupungua kwa mzunguko wa miaka 3 au 4 hivi. Wakiadimika, mbweha na skua hugeukia mayai na vifaranga, na mwaka huo makundi yanayoshuka Afrika huwa na makinda wachache. Vitwitwi hawa ndio tunaowaona kwenye hori la Mida, pwani ya Kenya, maji yakikupwa, wakidonoa matope. Kwa hiyo mwaka wa lemingi haba punguzeni kutembelea viota, hata kama msimamizi anataka takwimu nyingi. Mwambieni nimesema mimi.

4. Andikeni kwa penseli. Wino ukilowa, siku nzima imepotea.