Maswali na Majibu ya Wasomaji: Kijiti cha Pili Kina Kazi Gani?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Nyegezi. Kaka yangu aliniachia PSP yake, kile kifaa cha gemu cha mkononi cha Sony, nami nimeizoea kiasi cha kuicheza gizani. Hivi karibuni mwenzangu wa chumbani alinunua PS Vita, mrithi wa PSP, iliyotumika katika duka moja la karibu na Makoroboi. Nilipoijaribu nilijikuta nageuza kamera kwa mkono wa kulia huku nakimbia kwa mkono wa kushoto, na niliporudi kwenye PSP yangu niliona kama nimefungwa mkono mmoja. Je, kijiti cha pili cha analogi (kile kinachosukumwa kwa kidole gumba) kinabadilisha uchezaji kweli, au ni mazoea tu? – M., Nyegezi

JIBU: Marahaba, Ndugu M. Kinabadilisha kweli, ila faida yake kubwa ni kazi kinayoiondoa kwenye kidole gumba cha kushoto. Katika gemu za 3D mchezaji huongoza mambo mawili kwa wakati mmoja, yaani mahali anapokwenda mhusika na upande inakotazama kamera. Kifaa chenye kijiti kimoja hakina budi kuiachia programu igeuze kamera yenyewe, au kumtaka mchezaji ashikilie kitufe fulani ili kijiti kilekile kibadilishe kazi, au kuihamishia kazi ya kutazama kwenye vitufe vilivyowekwa kwa ajili ya kuruka na kupiga.

PSP, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2004, ilipitia njia zote tatu. Ukicheza Grand Theft Auto: Liberty City Stories utakuta kwamba ili utazame pembeni unashikilia L, kitufe cha juu cha kushoto, kisha unasogeza kile kijiti bapa cha kushoto, na wakati huo unapoteza uwezo wa kuelekeza hatua zako. Gemu hiyohiyo ilipohamishiwa PS2, mashine ya nyumbani, mwaka 2006 kamera ilipewa kijiti cha kulia, na mtu anayezijua zote mbili atakuambia kwamba mitaa ni ileile lakini kukimbizwa na polisi si kulekule. Syphon Filter: Dark Mirror ilichagua njia nyingine: unatembea kwa kijiti na kulenga kwa vitufe vinne vya kulia, kila kimoja kikisogeza shabaha upande wake.

Mfano unaonifurahisha zaidi ni wa wachezaji wa Monster Hunter kwenye PSP. Kamera ya gemu hiyo ilikuwa kwenye vitufe vya mishale, ambavyo viko juu kidogo ya kijiti, upande uleule wa kushoto. Mchezaji aliyetaka kukimbia na kutazama kwa pamoja aliacha kidole gumba juu ya kijiti, akakikunja kidole cha shahada kikapita juu ya ukingo wa kifaa, na kwa ncha yake akabonyeza mishale, mkono mzima ukikaa kama gando la kaa. Watu walicheza hivyo kwa saa nyingi na vifundo vya vidole vikawauma. Ukitaka kujua mchezaji anakihitaji kijiti cha pili kiasi gani, tazama maumivu anayokubali kuyavumilia kwa kukikosa.

Huenda ukauliza kwa nini vitufe vinne visitoshe. Vitufe vya mishale hutoa pande nane tu, na kila upande ama umebonyezwa ama haukubonyezwa. Kijiti cha analogi kina vipimo viwili, kimoja cha kushoto na kulia, kingine cha juu na chini, na kwenye PSP kila kipimo hutoa namba kati ya 0 na 255, huku 128 ikiwa takriban katikati. Kwa hiyo kijiti husema upande na pia husema kiasi: ukikisukuma kidogo kamera hugeuka polepole, ukikisukuma hadi mwisho hugeuka kwa kasi. Kulenga kwa vitufe kunakuwa na mwendo mmoja tu, na ndiyo maana gemu nyingi za kupiga risasi za PSP zilimsaidia mchezaji kwa kuivuta shabaha ielekee kwa adui bila yeye kuomba.

Kijiti cha pili nacho kina gharama ambayo matangazo hayaitaji. Kidole gumba cha kulia ni kimoja, na kikiwa juu ya kijiti hakiko kwenye vitufe vya kuruka na kupiga. Kwa sababu hiyo gemu za vijiti viwili hupeleka kazi za haraka, hasa kulenga na kufyatua, kwenye vitufe vya juu vinavyobonyezwa kwa vidole vya shahada. Vita, iliyotoka Japani tarehe 17 Desemba 2011, ilipata vijiti viwili kamili lakini ikabaki na L na R tu, na vijiti vyake havibonyezeki kwa ndani kama vya pedi za PlayStation. Mtu anayecheza gemu za PS4 kwenye Vita kupitia mtandao hukuta kazi za L2 na R2, vitufe vya juu ambavyo Vita haina, zimehamishiwa kwenye kioo cha kugusa, mara nyingi kile cha nyuma, ambako vidole hugusa bila kukusudia na bunduki kufyatuka yenyewe. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa la Vita, kwa kuwa ilitatua tatizo la kidole gumba ikayasahau ya vidole vingine. Steam Deck, kifaa cha mkononi cha kampuni ya Valve kilichotoka Februari 2022, ilizingatia somo hilo kwa kuweka vitufe vinne vya juu na vinne zaidi mgongoni, ingawa ukubwa wake hauruhusu kabisa kuitia mfukoni.

Jambo jingine ni urefu wa kijiti. Kifaa kinachobebeka lazima kiwe chembamba, hivyo vijiti vyake ni vifupi kuliko vya pedi ya nyumbani, na kidole kikisogea milimita moja shabaha hukimbia mbali zaidi. Usishangae basi ukiwa hodari wa kulenga kwa pedi ya PS4 halafu ukakosa kila risasi kwenye kifaa cha mkononi. Punguza kasi ya kamera kwenye mipangilio kabla ya kujilaumu, na gemu ikiruhusu kulenga kwa kukiinamisha kifaa chenyewe, washa huduma hiyo: tumia kijiti kwa mgeuko mkubwa na mikono yako kwa marekebisho madogo.

Nintendo walifika kwa kujikongoja. 3DS, kifaa chao cha mkononi cha mwaka 2011, ilikuwa na kijiti kimoja cha kuteleza, na kabla mwaka huo haujaisha wakauza kitako cha plastiki cha kupachikwa, kinachotumia betri moja ndogo ya AAA, ili tu kuongeza kijiti cha kulia. New 3DS ya 2014 ilikuja na kidude kidogo cha mpira juu ya vitufe vya kulia, ambacho karibu hakisogei bali husoma shinikizo la kidole. Kinatosha kuzungusha kamera, lakini kwa kulenga kwa makini hakifai. Vijiti viwili kamili walivipata kwenye Switch, Machi 2017.

Ikiwa unachocheza zaidi ni mpira, Ndugu M., usiitupe PSP. Kamera ya gemu za mpira huufuata mpira yenyewe, na kijiti cha kulia, pale kinapotumika, ni cha chenga.

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Nina banda la gemu Igoma. Simu moja nimeiwekea programu ya PPSSPP na kuiunganisha na pedi ya bluetooth yenye vijiti viwili, lakini wateja wanalalamika kwamba kijiti cha kulia hakifanyi kitu. Pedi ni mbovu? – Mwenye Banda, Igoma

JIBU: Pedi ni nzima, ndugu yangu. PPSSPP inaiga PSP, na PSP haikuwahi kuwa na kijiti cha kulia, kwa hiyo gemu haina sikio la kukisikia. Unachoweza kufanya ni kuingia kwenye mipangilio ya vidhibiti na kukiagiza kijiti hicho kijifanye vitufe fulani, na uchaguzi wake unategemea gemu. Kwa Monster Hunter kipe kazi ya vitufe vya mishale, kwa Syphon Filter kipe kazi ya vile vitufe vinne vya kulia, na kamera itafuata kidole. Ila waambie wateja mapema kwamba kinachofika kwenye gemu bado ni kitufe: sukuma kidogo au sukuma sana, kasi ya kugeuka ni ileile. Mpangilio uliotengeneza kwa gemu moja huvuruga nyingine, hivyo hifadhi mpangilio wa kila gemu peke yake, programu inaruhusu.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mwanangu ana Switch Lite, ile Switch ndogo ya Nintendo. Siku hizi mtu wa kwenye gemu anatembea peke yake kuelekea kushoto hata mtoto akiweka kifaa mezani. Fundi wa kwanza amesema ni virusi. Naomba ushauri kabla sijapoteza fedha zaidi. – Mama Wawili, Pasiansi

JIBU: Mama, hakuna kirusi hapo, na ningekushauri utafute fundi mwingine. Ndani ya kijiti cha aina hiyo kuna vikono vidogo vya chuma vinavyosugua juu ya utando mwembamba wa kaboni, na mahali kikono kilipo ndipo kifaa kinaposoma namba. Utando ukilika, au vumbi na unga wa kaboni vikikaa katikati, namba ya kijiti kilichotulia huacha kuwa ya katikati, na kifaa huamini kwamba mtoto anasukuma kushoto. Watengenezaji huweka eneo dogo la katikati ambalo mwendo wake hupuuzwa, lakini uchakavu ukivuka eneo hilo ndipo mnapoanza kuyaona mliyoyaona.

Anza na lisilo na gharama. Kwenye mipangilio ya kifaa, sehemu ya vidhibiti na vitambuzi, ipo njia ya kusawazisha vijiti upya. Lisipotosha, kifaa kizimwe, kisha fundi adondoshee kidogo alikoholi ya isopropili, ile ambayo mafundi simu husafishia bodi, chini ya kile kifuniko cha mpira cha kijiti, akizungushe, na aache kikauke kabisa. Asitumie petroli wala mafuta ya cherehani. Kusafisha huko mara nyingi ni nafuu ya muda, na tatizo likirudi dawa ni kubadilisha kijiti chenyewe. Kwenye Lite vijiti having'oki kwa nje kama kwenye Switch ya kawaida, hivyo ni lazima kifaa kifunguliwe. Ulizia vijiti vinavyotumia sumaku: humo sumaku na kitambuzi havigusani, kwa hiyo hakuna utando wa kulika.

SWALI: Mimi niko Nansio, Ukerewe. Ndugu yangu anavuka kwenda Mwanza wiki ijayo na nimemwagiza kile kifaa cha bei nafuu cha gemu za zamani. Vipo vyenye vijiti viwili na visivyo na kijiti. Nichukue kipi? – J., Nansio

JIBU: Ukitaka gemu za enzi za Game Boy na Super Nintendo, chukua kisicho na kijiti, kwa sababu gemu hizo zilitengenezwa kwa vitufe vya mishale, na kifaa kisicho na vijiti ni chembamba na kina viungo vichache vya kuharibika. Kwa gemu za PlayStation ya kwanza nyingi utazicheza vizuri bila vijiti, isipokuwa chache kama Ape Escape ya 1999, ambayo haichezeki bila viwili, kwani kijiti cha kulia ndicho kinachozungusha wavu wa kukamatia nyani. Usidanganywe kwamba vijiti viwili ni dalili ya nguvu: kifaa kiitwacho R36S kinavyo, lakini chipu yake ya RK3326 huhema kwenye gemu nyingi za PSP. Ndugu yako akichukua chenye vijiti, akiwashe palepale dukani, afungue gemu yoyote ya kutembea, azungushe kila kijiti duara kamili kisha akiachie ghafla, na mhusika akiendelea kusogea akirudishe kabla hajalipa, maana kukivusha tena ziwani kwa ajili ya kubadilishiwa kutakula tofauti yote ya bei.