Kinundu Hakikai Kwenye Skrini: Kwa Wadogo Zangu wa Chumba cha Bronkoskopia

Wadogo zangu, katika bronkoskopia, yaani kuingia ndani ya mapafu kwa kupitia njia ya hewa, juzi nimewaona tena mkishangilia alama ya kateta (mrija mwembamba) ilipogusa kinundu, kile kivimbe kidogo cha pafu, kwenye skrini, na mmoja wenu akaomba sindano ya kuchukulia kipande kabla eksirei haijawashwa. Furaha yenu naipenda, lakini haraka hiyo inanitia hofu.

1. Ramani si pafu. Mifumo ya roboti ya Monarch na Ion, inayoiongoza kateta na iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 na 2019, hufuata njia iliyochorwa kutokana na skani ya CT (eksirei ya tabaka kwa tabaka) ambayo mgonjwa alipigwa akiwa macho, amevuta pumzi na kuibana. Mezani kwetu amelazwa kwa dawa ya usingizi, na sehemu za chini na nyuma za pafu husinyaa kadiri dakika zinavyopita. Kinundu huhama, ilhali alama yake hubaki palepale. Roboti huishikilia kateta bila kutetemeka, hata inapolenga mahali pasipo na kitu.

Katika hospitali niliyoanzia kazi tulimpokea mama mmoja mwenye kinundu chini ya pafu la kulia. Skrini ilituonyesha tumelenga katikati, na ultrasaundi ndogo iliyopitishwa ndani ya kateta ikatupa kivuli tulichokiona kuwa ndicho, kumbe lilikuwa pafu lililosinyaa, ambalo huweza kutoa picha inayofanana sana na ya kinundu. Tukachoma, tukapeleka vipande maabara, na jibu likarudi: tishu ya kawaida ya pafu, hakuna seli za saratani. Patholojia, yaani maabara inayochunguza tishu, ilisema kweli kuhusu kile ilicholetewa. Sisi ndio tuliomwambia mgonjwa kwamba hana saratani, wakati maana ya jibu lile ilikuwa kwamba hatukukigusa kinundu. Binti yake alitushika mikono akitushukuru, mmoja baada ya mwingine. Skani ya ufuatiliaji ilikuta kinundu kimekua, na biopsi (uchukuaji wa kipande) ya pili ikathibitisha adenokasinoma, aina ya saratani ya mapafu. Mama yule alituuliza kwa upole kwa nini tulikuwa na uhakika kiasi kile, na hakuna aliyekuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo, pigeni picha ya pande tatu mezani kabla ya kuchoma, na zungumzeni mapema na mtaalamu wa usingizi kuhusu shinikizo la hewa ya mashine ya kupumulia na kiwango cha oksijeni, maana oksijeni ya asilimia 100 huharakisha kusinyaa kwa pafu.

2. Mkishuku kifua kikuu, tengeni kipande cha kuotesha vimelea maabara kabla ya kutia vingine kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia tishu, kwa kuwa formalini huua vimelea.

3. Jibu la maabara lisomwe pamoja na CT. Kinundu chenye kingo za miiba kikirudishiwa jibu la tishu ya kawaida, mpigieni simu mtaalamu wa patholojia siku hiyohiyo, kisha andikeni kwenye faili kwamba sampuli haikutoa utambuzi na kwamba biopsi irudiwe, na mgonjwa aelezwe hivyo hivyo kabla hajaondoka kliniki.