Kabla hujasema ni mwanga, pasha moto gizani

Jumatatu asubuhi nimemkuta mdogo wetu mmoja, wiki yake ya tatu maabara, amesimama mbele ya chupa yenye maji ya zambarau. Alikuwa anapika dhahabu, yaani kutengeneza chembe ndogo mno za dhahabu zinazoelea majini: zikiwa mbalimbali maji ni mekundu, zikigandana ni bluu. Nikamuuliza chupa ameioshaje. Kwa sabuni na maji ya bomba, akasema, halafu akaifuta ndani kwa karatasi. Nilitaka kufoka, nikakumbuka kwamba na mimi nilianza hivyohivyo, na aliyenitangulia pia, na hakuna aliyetuandikia kitu. Basi naandika mimi, kwa ninyi mnaoingia kwenye kemia ya mwenyeji na mgeni, ambamo molekuli yenye uwazi ndani (mwenyeji) hushika molekuli nyingine (mgeni), na mnaotaka kumtoa mgeni ndani ya mwenyeji kwa taa huku dhahabu ikiwaonyesha rangi.

1. Chupa. Ioshe kwa maji ya kifalme, asidi ya haidrokloriki tatu kwa ya nitriki moja, chini ya kifyonza moshi, na chombo kisifungwe kamwe. Kisha suuza kwa maji safi mpaka uchoke, halafu suuza tena. Njia ya Turkevich ya mwaka 1951 haina siri: mmumunyo wa dhahabu uchemke, sitrati iingie yote kwa mkupuo, koroga usiache. Manjano hutoweka, giza la bluu huingia, kisha rangi inaiva polepole mpaka inafanana na juisi ya rozela. Ukiipata rozela, kilele chako, yaani rangi ya mwanga ambayo dhahabu inaimeza zaidi, kitakuwa karibu na nanomita 520; chembe zikigandana husogea juu. Ukipata zambarau, peleka kwenye pipa la taka za metali uanze upya. Usiihurumie.

2. Chumvi. Faraday aliandika mwaka 1857 kwamba chumvi huigeuza dhahabu nyekundu kuwa bluu, na kila mwaka bado kuna mtu anamimina bafa ya fosfeti, ambayo nayo ni chumvi, kisha anashangaa. Tena sodiamu hupenda kukaa kwenye midomo ya boga, yaani kukabiturili, mwenyeji wetu, pale penye oksijeni, kwa hiyo unaharibu dhahabu na mwenyeji wako kwa pamoja.

3. Boga. Kukabiturili imepewa jina la ukoo wa maboga kwa sababu ya umbo lake, na kwetu Waswahili jina limekaa mahali pake. Kumbukeni tu kwamba boga tupu, lisilo na mgeni, hugandisha chembe za dhahabu lenyewe na kuziacha na mwanya wa nanomita 0.9. Wenzetu wa Raman, wanaotambua molekuli kwa mwanga unaotawanyika, wanalipendea hilo. Wewe weka kiveti (kichupa cha kupimia mwanga) cha boga bila mgeni kila siku ya kazi, cha kulinganishia.

4. Taa. Hapa nivumilieni.

Nilikuwa mwaka wa pili wa udaktari. Nilikuwa na chembe za aina mbili, moja imevaa viologeni, nyingine azobenzini, molekuli inayobadili umbo kwa mwanga; hao ndio wageni. Boga kubwa, lililoungwa kwa vipande vinane, lina nafasi ya kuwashika wote wawili kwa pamoja na hivyo kuzigandisha chembe, mradi azobenzini imenyooka. Ukiipiga mwanga wa urujuanimno inapinda, haienei tena pale na viologeni, kifungo kinafunguka, chembe zinaachana, bluu inarudi kuwa nyekundu. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri mno.

Na ilitokea. Niliweka kiveti sentimita kumi kutoka taa ya zebaki, dakika ishirini, na kilele kikarudi kuelekea 530. Nikazima, nikaweka taa ya bluu, baada ya saa moja dhahabu ikawa bluu tena. Nikarudia mara sita, nikachora grafu yenye meno kama msumeno. Niliionyesha kwenye kikao cha kikundi, nikatuma muhtasari wa mkutano, na dada mmoja aliyekuwa nyuma yangu mwaka mmoja akachukua chembe zangu akaanza kujengea sura nzima ya tasnifu yake. Hiyo ni miezi minne.

Siku moja alikuja mezani kwangu na kiveti kilichofungwa foili. Alikuwa amekiacha juu ya oveni ya kukaushia vyombo, akakisahau. Akabandua foili taratibu, ukingo kwa ukingo, na ndani mlikuwa mwekundu.

"Kaka," akasema, "hii haijaona taa."

Nilichukua kipimajoto chembamba nikakitumbukiza kwenye kiveti changu chini ya taa. Digrii 51. Nikapasha kiveti kingine gizani, kwenye maji ya digrii 51, na meno ya msumeno yakatoka yaleyale. Kurudi kwa bluu kulikuwa kupoa tu. Taa ya zebaki inatoa joto jingi, na dhahabu yenyewe inameza mwanga na kuutoa kama joto kwenye maji yanayoizunguka. Joto hulilegeza boga, hasa kwa mgeni wa pili. Nilipotumia LED ya nanomita 365, urujuanimno, na koti la maji ya digrii 20, kilele kilisogea nanomita nne tu.

Kwa miezi minne nilikitoa kiveti kile kwa vidole vyangu, kina joto kama kikombe cha chai, na sikujiuliza. Msimamizi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: sura ya mwenzako itakuwaje? Sikuwa na jibu. Muhtasari niliuondoa kwa barua ya mistari mitatu. Miezi yake sikuweza kumrudishia, na ufadhili wake ulikuwa wa miaka mitatu kamili. Nilimpikia dhahabu yote aliyohitaji mpaka alipowasilisha, na hata leo tukizungumza kwenye simu sijamaliza kumwomba radhi.

Kwa hiyo unapokuja kwangu na grafu ya mwanga, nitakuuliza joto lilikuwa ngapi kabla sijaiangalia. Usidhani nakuonea.

5. Giza. Foili ifike mpaka kwenye kizibo. Azobenzini inaitikia dirisha na taa za dari, na kiwango cha kufungana ulichopima mezani Desemba, Uingereza ambako jua linazama kabla ya saa kumi jioni, hutakipata tena Juni. Mimina na pima kwenye chumba chenye taa nyekundu. Halafu andika daftarini taa gani, umbali gani, dakika ngapi.

Chupa ya yule mdogo wetu nimeiosha naye jana jioni, tunapika tena Alhamisi saa tatu. Kipimajoto chembamba kiko droo ya pili, kulia kwa taa. Ukikiazima, kifute, kirudishe.