Muhogo umepona batobato, nikate pingili?

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Muhogo wangu ulishikwa na batobato ukiwa bado mchanga. Majani yakajikunja na kuota mabaka ya njano. Sasa una miezi sita, na majani ya juu ni mazima kabisa. Umepona? Naweza kukata pingili nipande masika?
Mkulima, Mkuranga

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikate kwanza, nisikilize.

Kila jeni hubeba agizo, na agizo hufanya kazi pale nakala yake inaposomwa ndani ya seli. Mmea ukitaka kuzima agizo lake wenyewe, huzikatakata nakala hizo. Kirusi cha batobato kinapoingia na kuanza kutoa maagizo yake, muhogo hukigeuzia mkasi uleule: hukata nakala zake vipande vidogo sana, kisha huvitumia kama sampuli ya kutambua nyingine za aina hiyo na kuzizima. Taarifa hupanda hadi kwenye machipukizi. Ndiyo maana majani yako ya chini yana mabaka na ya juu yamenyooka. Mimi huu uwezo wa mmea unanishangaza hadi leo.

Ila kirusi kimenyamazishwa tu, bado kimo kwenye shina. Nikiwa mgeni kazini, Muheza, nilifurahia shamba kama lako nikawagawia majirani pingili zake. Mvua zilipokolea, nyingi zilichipua zimejikunja tangu jani la kwanza. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaomba waing'oe. Bibi mmoja aling'oa mstari mzima bila kunijibu neno, na kimya kile sijakisahau.

Tena inzi weupe wanaweza kukuletea kirusi cha aina ya pili. Virusi hivi vina silaha za kuvuruga ule mkasi, na vikikutana viwili muhogo hulemewa. Uganda waliyaona hayo miaka ya 1990, wakulima wengi wakaacha kabisa kupanda muhogo.

Mizizi ya mashina hayo vuna ule, batobato haimdhuru mtu. Pingili kata kwenye mashina ambayo hayajawahi kuonyesha baka hata moja. Yafunge utepe mapema, yangali machanga, maana baadaye hutayatofautisha na haya yaliyojificha. Siku ya kuvuna, pasua na mizizi yake. Ukikuta michirizi ya kahawia, huo ni ugonjwa mwingine, na pingili za shina hilo nazo ziache.