Ahirisha Jumamosi, hiyo ajali yako haiunganishi kitu

Mkuu, ahirisha hiyo shuti ya Jumamosi. Waambie waigizaji tumbo limekushika, waambie lolote, ila usiwashe kamera.

Umeandika filamu yako ina hadithi nne, za mama ntilie, bodaboda, nesi na mchungaji, kila mmoja na machungu yake, halafu dakika za mwisho wote wanakutana kwenye ajali ya daladala Ubungo, "hatima imewakutanisha". Ukauliza ununue kamera gani, waigizaji uwalipeje, na ukimaliza upeleke YouTube au kwenye matamasha. Ya kamera nitakuja. Hiyo ajali ndiyo imenifanya niache ugali unapoa.

Mimi zangu zilikuwa tatu, mojawapo ya mwalimu, zikakutana kwenye moto wa soko. Kila moja ukiisoma peke yake chozi linakutoka. Nikampelekea jamaa anayejiita mshauri wa skripti, wale wa miwani ya jua hata sebuleni, nikamuuliza mbona hawa watu hawahusiani? Akacheka. Eti hatima haihitaji maelezo, filamu kubwa za nje ndivyo zinavyofanya, wewe shuti tu, zitaungana kwenye editing. Na hela akachukua! Kwa sentensi hiyo! Fundi wa bomba akikuambia maji yatajua yenyewe pa kupita utamlipa?

Haya, tukaenda kwenye editing. Kijana wa watu akakata, akachanganya, akaanza na hii akamalizia na ile, akamwaga muziki wa msibani juu yake. Ndipo tukagundua balaa: ukiitoa hadithi nzima ya mwalimu, zile mbili hazipungukiwi na chochote. Mwalimu angeweza kuhamia Sumbawanga na hakuna ambaye angemuulizia.

Kama ningeishia hapo ningepoteza hela kidogo na aibu ya kawaida. Nikasema nitarekebisha. Steringi wa kike alikuwa ameshanyoa nywele, tukamvalisha wigi, ikawa anaingia sokoni na nywele hizi anatoka na zile. Mwingine alikuwa Mwanza, akataka nauli, posho na hoteli yenye kiyoyozi. Na lile banda la soko tulilijenga ili tulichome, tukalichoma vizuri kabisa, kwa hiyo ikabidi tujenge lingine tuliunguze upya, maana jivu halishiki moto. Pikipiki yangu iliondoka hapo. Kiwanja nacho nusura. Nikaja kuwaonyesha majirani, mzee mmoja akaniuliza kwa heshima zote: "Mwanangu, ile ya kwanza iliishia wapi?" Na mshauri wangu nilipompigia akasema watazamaji wa Bongo hawajakomaa. Namba yangu sasa haipokei.

Baadaye nilizikalia hizo "filamu kubwa za nje" alizokuwa ananitajia, kalamu mkononi. Amores perros ya mwaka 2000, dairekta Alejandro González Iñárritu, skripti ya Guillermo Arriaga. Jiji la Mexico City, hadithi tatu, ajali moja ya gari. Ndiyo, ajali, najua unatabasamu. Lakini ajali iko mwanzoni kabisa, kisha inarudiwa kwa macho ya watu wengine. Na mfuatilie mbwa! Octavio anampiganisha mbwa aitwaye Cofi ili apate hela atoroke na mke wa kaka yake. Mpinzani anampiga Cofi risasi, Octavio anamchoma kisu mpinzani, anakimbizwa huku mbwa anavuja damu ndani ya gari, ndipo anapolivaa gari la Valeria, mwanamitindo anayekula kwa miguu yake. Mguu mmoja unaishia kukatwa. El Chivo, mzee anayeua watu kwa kulipwa, yuko pale pale barabarani, anamchukua Cofi, anamtibu, na Cofi akipona anawaua mbwa wote wa yule mzee. Mfute Octavio uone kama Valeria atakuwa na cha kulia.

Babel ya 2006, mabwana hao hao wawili. Humo kinachounganisha ni bunduki. Mwindaji Mjapani alimwachia mwenyeji aliyemwongoza Moroko, naye akamuuzia mchunga mbuzi, watoto wa huyo mchunga mbuzi wakalilenga basi la watalii, mama wa Kimarekani akapigwa risasi, yeye na mumewe wakakwama huko, na yaya wao Mmeksiko akakosa wa kumwachia watoto, akavuka nao mpaka kwenda harusi ya mwanawe. Hatima yao ina risiti, mkuu. Kila aliyeumia unaweza kumfuata nyuma hadi ulipo mkono wa mtu.

Atatokea wa kuniletea filamu ya Magnolia, ile ambayo vyura wanawanyeshea wote kama mvua bila sababu. Sawa, ila hata humo wengi wamefungwa pamoja na undugu au kipindi kimoja cha runinga kabla chura hata mmoja hajaanguka.

Kwa hiyo tafuta KITU. Kinachoshikika, kinachotoka hadithi hii kikaingia ile kikaharibu. Mfano bodaboda wako aibe simu ya mchungaji, amuuzie mama ntilie. Nesi anapiga usiku kumwambia mchungaji mkewe amezidiwa, anapokea mtu anayeosha masufuria, anakata kwa woga akijua simu ni ya wizi. Unaona? Sasa daladala ikigonga, iwe inamgonga mtu aliyeko barabarani saa ile kwa sababu ya ile simu, na isogeze mapema. Kisha chukua karatasi, funika hadithi moja kwa kiganja. Zilizobaki zikisimama wima, hujafika.

Kamera nilisema nitakuja: hiyo uliyonayo. YouTube tutaongea ukiwa na filamu. Weka hapa sini za nesi kabla ya Ijumaa, nataka kujua ana kosa gani kwa mama ntilie, maana kwa ulivyoandika bado hata hawafahamiani.